Nilimpigia mdogo wangu hesabu ya njiwa wake mpaka akawauza wote. Hobi ya mtu inapimwa kwa hela?

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu hamna ubaya. Hili jambo ninalo toka mwezi wa 2 na kila nikilala naliona, nimeona niliweke hapa maana najua kuna wafugaji wa njiwa humu, kuna wenye baiskeli, kuna wa maua, na kuna ambao kama mimi wanapenda kuhesabia watu.

Mimi kazi yangu ni uhasibu wa gharama, niko kiwandani mwaka wa 14 huu. Kazi yangu kila siku ni kujua kitu kimoja kimetugharimu shilingi ngapi mpaka kinatoka getini: malighafi, umeme, mshahara, uchakavu wa mtambo, vyote navigawa mpaka napata bei ya kipande kimoja. Naipenda hii kazi, sitanii, leja ikikubaliana na stoo mimi siku hiyo nakula vizuri.

Sasa mdogo wangu, tumbo moja, anakaa Tandika, ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Dogo anafuga njiwa toka yuko darasa la nne. Alianza na jozi moja kwenye boksi la sabuni juu ya choo, mpaka mwaka jana alikuwa nao 58. Hauzi. Makinda anawapa watoto wa mtaani wanaokuja kuomba, anawafundisha na namna ya kuwalisha. Saa 12 asubuhi yuko bandani, jioni akitoka kazini hata viatu hajavua yuko bandani, anawafungulia wanapanda juu wanazunguka mara nne mara tano halafu wanashuka wote kwa pamoja, na yeye amesimama tu anaangalia. Nilishamuuliza anapata nini pale akasema "kaka mi nikiwaona wanashuka ndo siku yangu imeisha".

Mwezi wa 2 tukawa na kikao cha familia kuhusu kuezeka upya nyumba ya mama, yuko Muheza. Kila mtu achangie. Dogo akasema atatoa laki mbili, na kila mwezi huwa anamtumia mama elfu 30 hajawahi kuruka. Mimi nikaona laki mbili ni ndogo kwa mtu mwenye njiwa 58. Nilikuwa nimeshajiandaa, nimekuja na karatasi nimeprinti kutoka Excel.

Niliandika hivi. Njiwa mmoja anakula kama gramu 35 kwa siku, mara 58 ni kilo 2 za mtama na chenga za mahindi, kilo 1,400, kwa siku 2,800, kwa mwezi 84,000. Chanjo ya kideri ile ya matone na dawa za minyoo nikaweka 6,000 kwa mwezi. Banda mbao na wavu 260,000, nikaligawa kwa miaka 4, kama 5,400 kwa mwezi, ndo uchakavu. Halafu nikaweka muda wake: saa moja na nusu kila siku, kwa 3,000 kwa saa maana ndo anayoingiza akiwa kazini, inakuja 135,000 kwa mwezi. Jumla 230,400. Kwa mwaka 2,764,800. Chini kabisa nikaandika kwa maandishi meusi: BATI 92.

Nikaisoma mbele ya wajomba, mbele ya mke wake, mbele ya mama kwenye simu. Wajomba wakatikisa vichwa, mmoja akasema "bati tisini na mbili zinaruka angani". Watu wakacheka. Dogo hakucheka wala hakubisha, akasema "sawa kaka". Basi.

Siku ya tatu akawauza wote, elfu 5 kila mmoja, 290,000, kwa jamaa mmoja wa Chamazi. Hela yote akaituma Muheza, na banda akalivunja, mbao akampa mama ntilie wa jirani apikie.

Mimi nikaona nimefanya kazi nzuri.

Sasa wanaofuga wanajua kitakachofuata. Yule mnunuzi aliwafungia wiki moja tu akawafungulia. Kesho yake asubuhi dogo anatoka nje anakuta 11 wamepanga mstari juu ya bati lake, palepale banda lilipokuwa. Hakuna tundu, hakuna maji, wamekaa tu. Akawakamata jioni, akawatia kwenye tenga, akapanda nao bodaboda mpaka Chamazi. Baada ya siku nne wakarudi 9. Akawapeleka tena. Nilikuwepo hiyo mara ya pili kwa bahati tu, nimepita kumsalimia, nikamkuta anawashika mmoja mmoja wala hawamkimbii, anawaingiza kwenye tenga, na ule mkono wake mimi nauangalia unatetemeka na yeye ni fundi anayeshika moto kila siku. Sikuweza kumsemesha, nikarudi zangu kwangu.

Usiku ule ndo nikaifungua ile Excel tena, na wakuu nawaambia kama mtu wa fani, ile hesabu ilikuwa mbovu. Ningeletewa na kijana wa mafunzo ningemrudishia.

Ile 135,000 ya muda, ambayo ni zaidi ya nusu ya jumla yote, haikuwepo duniani. Gharama fursa maana yake kuna kitu kingine ulikiacha. Saa 12 asubuhi nani anamletea dogo geti la kuchomelea? Kiwandani mtambo ukisimama usiku na hamna oda siwezi kuandika kwamba tumepoteza mauzo ya usiku, bosi atanifukuza. Lakini kwa mdogo wangu niliandika, kwa sababu nilitaka namba iwe kubwa. Hiyo ndo kweli yenyewe. Namba nilikuwa nayo kabla ya hesabu.

La pili, ile karatasi ilikuwa na mtu mmoja tu. Mimi mwaka ule kadi za harusi peke yake nilitoa 780,000, zingine za watu ambao siwajui hata nyumbani kwao. Kwenda kwa Mkapa kila mechi kubwa, tiketi, usafiri, na kula baada ya mechi. Bando. Hakuna aliyeniprintia. Kwetu matumizi ukifanya na wenzako mnaita ubinadamu, ukifanya peke yako juu ya bati unaitwa huna akili.

La tatu, ile 84,000 ya chakula ambayo ni kweli ilikuwa inatoka, nimeifuatilia miezi sita. Haijaenda kwenye bati. Dogo sasa hivi akitoka kazini haendi nyumbani, anakaa kijiweni mpaka saa 4 usiku. Mke wake ndo aliniambia, tena kwa upole.

Naombeni mawazo. Nilikuwa na haki ya kumhesabia au la? Na kama nilikuwa nayo iliishia wapi?

#2 Mchangiaji

Pole sana mkuu ila kosa lako ni kumwambia aache, ungemwambia awafanye biashara. Njiwa ni hela bana. Ubelgiji mwezi wa 11 mwaka 2020 njiwa jike mmoja wa mashindano, New Kim, aliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni euro milioni 1.6. Njiwa mmoja! Na mwaka wa nyuma yake 2019 Armando naye aliuzwa milioni 1.25. Dogo angejipanga angekuja kukujengea wewe.

#3 Mleta uzi

Mkuu nashukuru, na najua umesema kwa nia njema. Lakini hiyo njia ndo mimi mwenyewe nilimpa miaka mitatu nyuma, nilimwambia auze makinda apate hela ya mtama angalau. Akajaribu miezi miwili. Akaanza kuangalia yupi anazaa haraka yupi hazai, akawa anawatoa wale wazee ambao hawaatamii tena, siku moja akaacha, akaniambia "kaka wamekuwa kama nondo za stoo".

Ukimtetea mtu wa hobi kwa kusema italipa, umeshakubali kwamba isipolipa hana haki nayo.

#4 Mchangiaji

Mi naongezea hapo. Charles Darwin yule wa Uingereza alianza kufuga njiwa mwaka 1855, akajiunga na vilabu viwili vya wafuga njiwa London, na njiwa wakaingia kwenye kitabu chake cha 1859 sura ya kwanza kabisa. Na baba yake alipokuwa kijana alishamsema kwamba hajali kitu zaidi ya kuwinda, mbwa na kukamata panya, atawatia aibu ukoo mzima. Wazee wangapi wameua vipaji hivi hivi?

#5 Mleta uzi

Ni kweli ulichoandika. Ila mimi naomba tuwafikirie wale wanachama wengine wa vile vilabu, waliokuwa wanakaa naye meza moja wanabishana juu ya midomo na mikia, na ambao hawakugundua kitu chochote mpaka wanakufa. Na wao walikuwa na haki na njiwa wao. Mdogo wangu hana kipaji kilichojificha. Anawapenda tu. Tukisubiri mpaka awe Darwin ndo tumuache, hatutamuacha mtu.

#6 Mchangiaji

Naomba niongee kama mke maana naona wanaume mnaelewana sana humu.

Mume wangu ana baiskeli, ya milioni 1.9, nilikuja kujua bei kwa rafiki yake. Kila Jumamosi saa 11 alfajiri wanatoka kundi lao Dar mpaka Bagamoyo na kurudi, anafika nyumbani saa 6 mchana amechoka analala mpaka saa 10. Simkatazi hela, ada ameshalipa, kodi ameshalipa, mimi mwenyewe nafanya kazi. Lakini Jumamosi yangu mimi iko wapi? Watoto watatu, soko, nguo, mgonjwa wa ukoo akiwepo wa kumwangalia ni mimi. Nilikuwa naimba kwaya kabla sijaolewa, niliacha siku mtoto wa pili alipozaliwa na hakuna aliyeitisha kikao kusema tumemuachisha huyu kitu chake. Mnaposema uhuru, ule uhuru wake umekaa mgongoni kwangu. Hiyo weka kwenye Excel yako kaka.

#7 Mleta uzi

Dada yangu nimesoma hii mara tatu.

Na imenifanya nikumbuke kitu. Kwenye kikao kile shemeji yangu alikuwepo na hakuna aliyemuuliza. Mimi nilijiona namsemea. Juzi ndo nimempigia nikamuuliza, shem, wale njiwa walikuwa wanakukera? Akasema ndiyo, walikuwa wanachafua nguo kwenye kamba, na maji ya mvua ya bati lile hayafai kukinga kwenye pipa kwa ajili ya kinyesi, alikuwa analazimika kununua maji hata masika. Alishamwambia mara mbili. Nikamuuliza ulitaka awauze? Akasema "hapana shem, nilitaka ahamishe kamba na aweke banda upande wa nyuma".

Yaani mtu mwenye dai la kweli alikuwa na dai dogo na linatibika. Mimi nisiye na dai ndo nilikuja na bati 92.

Kwa hiyo nakubaliana na wewe, muda wa mke ni gharama ya kweli na yule aliyeibeba ana haki ya kuidai. Lakini idai Jumamosi yako dada, mwambie Jumamosi ya pili na ya nne ni zako za kwaya na yeye abaki na watoto. Baiskeli iache. Ukiigusa baiskeli mtabishana bei ya baiskeli mpaka mzeeke na kwaya hutarudi.

#8 Mchangiaji

Salaam, mimi naandika kutoka Mombasa. Ndugu yangu wewe una huruma sana, mimi nitakwambia yangu. Binamu yangu hupenda kuvua kwa mshipi, si mvuvi, ana kazi yake ya ofisi, ni raha tu wikendi. Alichukua mkopo wa sacco 180,000 za Kenya na mimi nikamuwekea sahihi ya udhamini. Akakwama miezi minne, sacco wakaanza kunipigia simu mimi. Siku hiyohiyo natumiwa picha ana rili mpya ya kuvulia, ile ya kuzungushia mshipi, ya elfu 11. Sasa huyo pia nimuache kwa jina la uhuru? Mimi nilimwendea nyumbani nikamwambia hiyo rili ni yangu mpaka mkopo uishe. Na sijutii wallahi.

#9 Mleta uzi

Na usijute. Hapo hakuna mgogoro wa hobi, hapo kuna deni. Ulipoweka sahihi ulinunua haki ya kuangalia mfuko wake mpaka siku ile mkopo unafungwa. Ungemwendea hivyohivyo kama angenunua suti au angechangia harusi ya watu.

Ndo maana najaribu kutenganisha kichwani. Mtu mwenye dai, aseme dai lake kwa jina lake: ada haijalipwa, kodi imechelewa, mimi mdhamini nasumbuliwa, maji yangu ya mvua yamechafuka. Hayo yote hesabu inayaweza na lazima ifanyike hata kama mtu atanuna. Ila akishalipa vyote, ile hela iliyobaki mkononi mwake haina mhasibu.

#10 Mchangiaji

Mleta uzi naomba nikubane kidogo. Umejitetea sana kwamba hesabu ilikuwa mbovu, muda uliuzidisha, wewe mwenyewe una matumizi yako n.k. Je ingekuwa SAHIHI? Tuseme kweli kabisa ni milioni 2.7 kwa mwaka inatoka mfukoni na nyumba ya mama inavuja. Ungerudi hapa kuomba ushauri? Mi naona unajuta kukosea namba, hujutii kumhukumu.

#11 Mleta uzi

Umenibana kweli, na nimekaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kujibu.

Nadhani mwanzo ilikuwa hivyo. Usiku ule nilichoona ni kosa la fani yangu, na lilinipa nafuu hata, kwa sababu kosa la hesabu linarekebishika. Lakini lile tenga halikutoka kichwani hata baada ya kurekebisha namba. Nikaweka 95,400 badala ya 230,400 na bado nikamuona amesimama pale.

Kwa hiyo jibu langu, ingekuwa milioni 2.7 ya kweli na mama ananyeshewa, ningekuwa na haki ya kumwambia "mdogo wangu, mama ananyeshewa, laki mbili haitoshi, ongeza". Kumwambia faragha, mimi na yeye. Angetafuta mwenyewe aongezee wapi, labda angepunguza njiwa wakabaki 20, labda angechukua kazi za usiku, labda angeacha sigara. Hilo lilikuwa lake kuchagua. Mimi nilimchagulia, nikaenda moja kwa moja kwenye kitu ambacho nilijua ndo anakipenda kuliko vyote, kwa sababu mimi sikioni kina maana. Kingekuwa kitu ninachokipenda mimi, tuseme mpira, nisingekiona hata kwenye orodha.

Namba inaweza kuniambia njiwa wanamgharimu kiasi gani. Ile kazi ya kusema wanastahili au hawastahili, hakuna safu yake kwenye leja, nimetafuta. Anayeijua ni yule anayeamka saa 12.

Na mama, nisiposema hili nitakuwa sijamaliza. Wiki ile ya kuezeka nilikuwa Muheza, mafundi wako juu, mama kakaa kibarazani ananiuliza "wale njiwa wa mwanangu hawajambo?" Yeye alikuwepo kwenye simu siku ya kikao lakini mtandao ulikuwa mbaya hakusikia vizuri, hakujua laki 2.9 ile imetoka wapi. Nilipomwambia alinyamaza. Halafu akasema basi angekaa na lile bati la zamani.

#12 Mchangiaji

Mimi mfugaji, niko Tanga mjini, Ngamiani. Nikuelimishe tu mkuu maana naona hujui njiwa. Yule wa Chamazi alikosea, njiwa mkubwa aliyeshazoea kwao wiki moja haitoshi kabisa, unamfungia mpaka atage na aangue kwenye banda jipya ndo umjaribu, na bado wengine hata mwaka ukipita akipata upenyo anaondoka. Kinda ambaye hajawahi kuruka ndo anakubali haraka. Kwa hiyo kama dogo akitaka kuanza upya asinunue wakubwa wa watu, watamkimbia na atavunjika moyo mara ya pili. Na wewe usimnunulie kama zawadi ya kumaliza kesi, utakuwa umemuamulia tena.

#13 Mleta uzi

Asante sana mkuu wa Ngamiani, hiyo ya mwisho imenisaidia kwa sababu kweli nilishaanza kuulizia bei.

Niwape na hali ilivyo. Yule wa Chamazi mara ya tatu waliporudi alikasirika akadai hela yake kwa wale 7, dogo akamrudishia 35,000, wale saba wakabaki Tandika bila banda. Mwewe amechukua mmoja, paka wa jirani kachukua wawili, wawili hawajulikani walipo. Imebaki jozi moja, dume la bluu na jike jeupe lenye doa shingoni. Juzi shemeji amenitumia picha, wametaga mayai mawili kwenye ndoo ya rangi iliyolala upande juu ya ukuta wa choo. Amesema dogo jioni ile alirudi saa 11, akaifunga ile ndoo kwa waya isibingirike, akaweka kipande cha bati juu ya kuzuia mvua. Na kamba ya nguo ameihamisha.

Dume linaatamia mchana jike usiku, siku 18 mpaka waangue, hii nimeisoma jana. Nimempigia jana hiyohiyo nikamuomba samahani, nikasema nina mbao nzuri kiwandani wanauza mabaki, nimletee? Akakaa kimya kidogo akasema ngoja kwanza kaka, wasije wakashtuka wakayaacha mayai, njoo wakishaangua.

Leo ni siku ya sita.